Kampuni Yako ya Programu Kwenye Kongamano la Ajaili: Mwongozo Kamili

Swali hili limenirudia mara nyingi mno kutoka kwa wenye kampuni ndogo za programu Dar, Arusha, Nairobi na Kigali: "Tumeomba kutoa mada kwenye kongamano la ajaili, tumekataliwa tena. Tunakosea wapi?" Kuna na jingine, ndugu yake: "Tulilipa, tukaenda, tukarudi na mifuko na picha. Faida iko wapi?"

Ukiwahoji vizuri, chanzo huwa kimoja. Kampuni imekwenda kujitangaza mahali ambapo watu wamekuja kusikia kazi inavyofanyika.

Mwongozo huu ni wa kampuni ya watu watano hadi thelathini hivi, ambayo tayari inafanya kazi kwa ajaili, yaani kutengeneza programu kidogo kidogo na kupokea maoni ya mteja mara kwa mara, iwe kwa Skramu (kazi hugawanywa katika vipindi vifupi viitwavyo sprinti), Kanbani (kazi hufuatiliwa ubaoni na zinazoendelea huwekewa kikomo) au utaratibu mliojitungia wenyewe. Sitaeleza ajaili kwa undani wala ilianzia wapi. Twende kwenye kazi.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Msimamizi mmoja wa safari. Mtu, si kamati. Yeye ndiye anayejua tarehe zote na ndiye anayeulizwa.
- Kisa kimoja cha kweli kutoka kazini kwenu, chenye tarehe, namba na watu waliohusika.
- Ruhusa ya mteja kwa maandishi, kama kisa hicho kinamgusa. Barua pepe fupi inatosha, ila iombeni mapema. Mteja akisema hapana wiki ya mwisho, hamna mada.
- Pasipoti zenye uhai wa angalau miezi 6 baada ya siku ya kurudi, na kurasa tupu.
- Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya nje kupitia mtandao. Wengi hugundua kwamba kadi imefungwa siku ile ile bei ya chini inapokwisha. Walioko Kenya wanaweza pia kutumia M-Pesa GlobalPay ya Safaricom.
- Kompyuta mpakato, adapta ya HDMI, adapta ya soketi ya nchi mnayokwenda, na nakala ya slaidi kwenye flashi.
- Muda. Miezi sita hadi tisa kama mnataka kutoa mada. Mkienda kusikiliza tu, miezi mitatu inatosha, isipokuwa pale viza inapokuwa ngumu.

## Hatua ya 1: Andikeni mnachokwenda kutafuta

Kaeni timu nzima, si wakurugenzi peke yao, mjibu swali moja: ni jambo gani kazini linatuumiza sasa hivi, na hatujui wenzetu wanalitatuaje?

Jibu liwe sentensi moja. "Kujifunza ajaili zaidi" halikubaliki. "Kazi zinakaa siku nyingi zikisubiri kupimwa kwa sababu tuna mpimaji wa programu mmoja" linakubalika, kwa kuwa mtu anaweza kutoka nalo mlangoni na kumuuliza mgeni yeyote.

Sababu ni kwamba kongamano lenye vyumba kumi vinavyoendesha mada kwa wakati mmoja linachanganya. Asiye na swali huishia kwenye chumba chenye msemaji maarufu.

Mmefaulu kama fundi mgeni kuliko wote katika timu anaweza kulisema swali hilo bila kusoma.

## Hatua ya 2: Chagueni kongamano linalowafaa

Makongamano haya hayafanani, na kosa la kawaida ni kukimbilia lile kubwa.

Lile la Agile Alliance, shirika la kimataifa la watu wa ajaili, limekuwa likifanyika Marekani, kwa kawaida Julai au Agosti. Mwaka 2023 lilikuwa Orlando, 2025 likawa Denver. Ni kubwa, lina mada za kila aina, na ni ghali kwa anayetoka huku. Kongamano la XP (Extreme Programming, mojawapo ya njia za ajaili), lililoanza mwaka 2000 huko Cagliari, Italia, huzunguka miji, mingi ikiwa ya Ulaya, na huchanganya watafiti wa vyuo na watu wa kazini. Ni zuri kama mna takwimu za kazi yenu na mnapenda kuandika. Johannesburg nayo imekuwa na makongamano yake ya ajaili, na kwa kampuni ya Afrika Mashariki ina faida moja kubwa: Watanzania na Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka.

Ushauri wangu, na sitaupamba: kama hamjawahi kutoa mada popote, anzeni na mikutano ya jioni ya wanaprogramu mjini kwenu, kisha nendeni nchi ya jirani, ndipo mfikirie ndege ndefu. Mada iliyosemwa mara tatu mbele ya watu wenu huwa imeshapukutika upuuzi wote.

Kabla ya kuamua, pitieni ratiba ya mwaka uliopita. Hesabuni mada ngapi zinagusa sentensi yenu ya hatua ya kwanza. Zikiwa mbili au hakuna, hilo si lenu, hata likiwa na jina.

## Hatua ya 3: Andikeni pendekezo la mada

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anayesoma pendekezo lenu mara nyingi ni mtu wa kujitolea mwenye mapendekezo mengi mbele yake. Anatafuta mambo matatu: nini kilitokea, mlifanya nini, na msikilizaji ataondoka na nini. Akikuta jina la bidhaa yenu kwenye mstari wa kwanza, ameshajua ni tangazo.

Tuchukue kampuni ya mfano iliyoko Dar, inayotengeneza mfumo wa mikopo kwa ajili ya SACCOS. Tuseme pendekezo lao la kwanza lilikuwa hili:

> Ajaili na Mustakabali wa Teknolojia Afrika. Katika mada hii tutaeleza umuhimu wa ajaili, changamoto zake na fursa zilizopo, na jinsi mfumo wetu wa kisasa unavyoleta mapinduzi katika sekta ya fedha.

Hakuna sentensi hapo ambayo kampuni nyingine isingeweza kuiandika. Sasa someni hili:

> Bodi Hukutana Mara Moja kwa Mwezi, Sprinti Yetu ni Wiki Mbili. Mteja wetu ni SACCOS. Mwenye mamlaka ya kupokea kazi ni bodi, na bodi hukutana mara moja kwa mwezi. Kila demo ya pili, yaani onyesho la kazi kwa mteja, ilikosa mtu wa kusema ndiyo au hapana, na kazi ilirudishwa ikiwa imeshajengewa mambo mengine juu yake. Tukaacha kuisubiri bodi. Kila Alhamisi tuliketi mezani kwa afisa mikopo na fomu zake halisi, tukamwacha ajaze mwenyewe huku sisi tumenyamaza. Tutaonyesha tulivyomwomba mwenyekiti amkabidhi afisa huyo sehemu ya mamlaka, makosa yaliyojitokeza siku ya kwanza, na mahali utaratibu huu ulipogota: masuala ya riba yalibaki ya bodi.

Kichwa cha habari peke yake kina mgogoro ndani yake. Kuna mahali, kuna mtu anayeonekana, kuna Alhamisi. Na ile sehemu ya mwisho, ya palipogota, ndiyo inayomfanya msomaji aamini yote yaliyotangulia. Kampuni nyingi huificha kwa aibu, kumbe ndiyo inayouza mada.

Ili mfike hapo, fanyeni hivi:

Simulieni kwanza kwa mdomo, kwa Kiswahili. Aliyeishi kisa hicho amweleze mwenzake wa idara nyingine huku simu ikirekodi. Kisha andikeni kutokana na rekodi hiyo, ndipo muweke Kiingereza cha waandaaji. Anayeanza moja kwa moja kwa Kiingereza hukimbilia maneno makubwa, na kisa kinapotea.

Chagueni aina ya kipindi. Kwa wanaoanza, ripoti ya uzoefu ndiyo rahisi kupenya, kwa sababu inadai jambo moja tu, kwamba limewatokea kweli. Agile Alliance imekuwa ikiwapangia waandishi wa ripoti hizo mlezi, mtu mzoefu anayesoma rasimu na kuwarudishia maoni hadi makala ikamilike. Huo ni msaada ambao mngelipia kwingine. Warsha ni ngumu zaidi. Ombeni warsha kama mmewahi kuiendesha.

Pangeni dakika. Kipindi cha dakika 45 kinaweza kuwa: 5 za tatizo, 20 za mlichofanya, 10 za zoezi la wasikilizaji, 10 za maswali. Mpango huu unamwonyesha mpitiaji kwamba mmeshaifikiria siku yenyewe.

Andikeni matokeo yanayopimika. "Ataelewa umuhimu wa maoni ya mteja" haina maana. "Ataondoka na orodha ya maswali manne ya kumuuliza mteja ambaye bodi yake hukutana mara chache" ina maana.

Tumeni mapema. Baadhi ya makongamano huruhusu wapitiaji kutoa maoni kabla ya siku ya mwisho, nanyi mkarekebisha. Anayetuma saa tano usiku siku ya mwisho amejinyima nafasi hiyo.

Tahadhari: baadhi ya waandaaji husoma mapendekezo bila kujua mwandishi ni nani. Wakidai hivyo, ondoeni jina la kampuni kila mahali, hata kwenye jina la faili.

Mmefaulu kama mtu wa nje ya kampuni, akisoma mara moja, anaweza kuwasimulia kisa chenu kwa sentensi mbili, halafu akauliza, "Sasa ikawaje?"

Mkikataliwa, ombeni maoni ya wapitiaji, rekebisheni, pelekeni kwingine. Mada nzuri hukataliwa pia, wakati mwingine kwa sababu tu ratiba ilikuwa na mbili zinazofanana.

## Hatua ya 4: Bajeti, tiketi, na suala la banda

Ulizeni waandaaji kwa maandishi: mtoa mada anasamehewa kiingilio? Na mtoa mada wa pili? Nauli na hoteli ni za nani? Makongamano mengi husamehe kiingilio na kuishia hapo. Msikadirie kwa matumaini.

Katika bajeti wekeni kiingilio, nauli, malazi, viza, bima ya safari, posho, usafiri wa mjini, na akiba ya asilimia kumi kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa shilingi kati ya siku ya kupanga na siku ya kulipa. Kiingilio nunueni wakati wa bei ya waliowahi.

Kuhusu banda la maonyesho: kama ni mara yenu ya kwanza, msinunue. Gharama yake haiishii kwenye nafasi. Kuna bango, meza, vipeperushi, usafirishaji, na watu wawili waliofungwa hapo kutwa wasisikie mada hata moja. Tena washiriki wengi wa makongamano haya ni mafundi na viongozi wa timu, si watu wenye saini ya manunuzi. Fedha hiyo itawatosha kupeleka mtu wa tatu.

Kama banda mnalo tayari, kwa sababu ya udhamini au mkataba, msianze na "karibu, sisi ni kampuni ya". Wekeni ubao wenye lile swali lenu la hatua ya kwanza na kalamu kando yake. Watu husimama kujibu, na mazungumzo yanaanzia kwenye kazi.

## Hatua ya 5: Viza na safari

Nendeni na mpangilio huu: barua ya mwaliko, barua ya mwajiri, taarifa za benki, kisha miadi. Barua ya mwajiri itaje nani analipa nini. Barua mbili zinazopingana juu ya mlipaji ni sababu tosha ya maswali.

Kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kabla hazijabaki siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kuvutwa hadi 45, kwa hiyo anayepeleka maombi wiki ya mwisho inayoruhusiwa anacheza kamari. Kwa Marekani, masharti yamebadilika sana tangu 2025, hasa kwa Watanzania. Someni tangazo la ubalozi la wiki hiyo kabla ya kulipa senti yoyote isiyorudishwa.

Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama mnadhani hamtaulizwa. Na fikeni siku moja kabla. Mtoa mada anayetoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi jukwaani huonekana.

## Hatua ya 6: Andaeni mada yenyewe

Maandishi ya slaidi yawe makubwa kiasi cha mtu wa mstari wa nyuma kusoma. Slaidi moja, jambo moja. Jaribuni kwa sauti, kwa saa, mbele ya watu, angalau mara mbili mbele ya wasiojua mradi wenyewe.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni taarifa za watu. Umepiga picha ya skrini ya mfumo wa SACCOS: jina la mwanachama, namba ya simu, salio la mkopo, na chini kabisa majina ya wadhamini wake. Picha hiyo ikipanda kwenye projekta, watu mia wanapiga picha kwa simu na kuituma mtandaoni kabla hujamaliza sentensi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote mbili haziangalii kwamba ulikuwa unatoa mada nzuri.

Kufunika kwa ukungu hakutoshi. Tarakimu zilizofifishwa mara nyingine husomeka. Jazeni mfumo wa majaribio wanachama wa kubuni, kisha mpige picha upya. Hata zile herufi ndogo za juu, zenye jina la tawi na anwani ya seva, zikagueni.

Msitegemee intaneti ya ukumbini kwa demo. Rekodini video fupi. Demo ya moja kwa moja iwe nyongeza, si uti wa mgongo.

Kuhusu umeme: plagi za Tanzania na Kenya za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za kawaida za Afrika Kusini, ambazo huchukua miguu mitatu minene ya mviringo, na adapta nyingi zinazoitwa "za dunia nzima" hazina hiyo. Someni kisanduku kabla ya kununua. Marekani umeme ni volti 120; chaja nyingi za kompyuta hubeba 100 hadi 240, ila hakikisheni kwenye maandishi madogo ya chaja yenyewe.

Mmefaulu kama mnamaliza dakika tatu kabla ya muda bila kukimbia, na kompyuta ya mwenzenu inaweza kuonyesha slaidi zile zile yenu ikizima.

## Hatua ya 7: Siku za kongamano

Watu wawili wa kampuni moja wasikae chumba kimoja, isipokuwa kwenye mada yenu. Gawaneni ratiba usiku uliotangulia. Anayetoa mada asipangiwe kitu saa moja kabla.

Kila mmoja aandike mambo matatu tu kwa kila kipindi: nimesikia nini kipya, nani alikisema, sisi tungekijaribu wapi. Ukurasa mzima wa maelezo hakuna atakayeusoma.

Jioni, dakika kumi na tano, mkiwa bado na viatu miguuni, someaneni. Mkiacha hadi mrudi nyumbani, yatakuwa yamechujuka.

Vijia vya ukumbi na foleni ya chai vina mali nyingi. Hapo ndipo ile sentensi ya hatua ya kwanza inapofanya kazi: "Sisi tuna mpimaji mmoja na kazi zinamlundikia. Kwenu mnafanyaje?" Sisi tuliofunzwa kusubiri mkubwa aanze kusema tunapata tabu hapa. Lakini kwenye mikusanyiko hii aliyeandika vitabu husimama foleni moja na wewe, na kumuuliza swali la kazi si utovu wa adabu.

Makongamano mengi yana pia mkutano wazi (Open Space), usio na ratiba ya awali, kwa utaratibu ulioanzishwa na Harrison Owen. Unaandika mada yako kwenye karatasi, unasimama katikati ya duara, unaisema kwa sentensi moja, unaibandika ukutani kwenye saa na eneo unalotaka. Watakaokuja ndio hao. Na kuna sheria ya miguu miwili: ukiona hujifunzi wala huchangii, unaondoka kwenda kundi jingine, na hakuna anayenuna. Kwa kampuni iliyokataliwa mada, hapa ndipo mlango wa uani. Bandikeni kisa chenu. Wakija watu wanne wenye tatizo kama lenu, mmepata zaidi ya ukumbi wa mia mbili.

Tahadhari: msiseme kwenye duara mambo ya mteja ambayo hakuyaruhusu. Mazungumzo ya chai nayo ni hadharani.

## Hatua ya 8: Mkisharudi

Siku ya kwanza kazini, rejesheni masurufu. Risiti zikikaa mfukoni wiki mbili hufutika wino, mhasibu anakataa, na safari ya mwaka ujao inaanza na ugomvi.

Ndani ya wiki, waandikieni mliokutana nao. Ujumbe utaje mlichozungumza: "Ulinieleza mnavyowapa waandishi wa programu zamu ya kupima. Nimeongea na timu, tuna swali moja." Ujumbe wa "ilikuwa vizuri kukufahamu" haujibiwi.

Kisha iteni timu nzima kwa saa moja. Waliosafiri wasitoe mhadhara. Wabandike karatasi zao ukutani, na waliobaki ofisini ndio wachague. Chagueni jambo moja tu la kujaribu. Wakirudi na mageuzi saba kwa mpigo, timu itawapa wiki mbili kisha itarudi ilikokuwa, na watakuwa na haki.

Kwa lile moja, andikeni kabla ya kuanza: tunabadili nini, tunapima nini, hadi lini. Kwa mfano, kila mwandishi wa programu atapima kazi ya mwenzake siku moja kwa wiki. Tunahesabu siku ambazo kazi inakaa ikisubiri kupimwa. Tunaangalia tena baada ya sprinti mbili. Hesabu ya kabla iwepo, la sivyo mtabaki kubishana kwa hisia.

Sprinti mbili zikiisha, wekeni namba mbili hizo ubaoni mbele ya wote. Siku za kusubiri zikiwa zimepungua, utaratibu unabaki na mnaanza kuangalia karatasi ya pili ukutani. Kama hazikusogea, semeni wazi kwamba haukufaa kwetu, mrudi kwenye utaratibu wa zamani, na mhifadhi maelezo ya kilichotokea pamoja na tarehe zake.